Wekeni Msasa Chini: Namna ya Kuithamini Revolva ya Zamani

Mazungumzo niliyoyatoa jioni ndani ya Ngome ya Lamu, mbele ya wazee, vijana na wenye nyumba za kale

Assalam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa ngazini kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Waliopanga shughuli hii wamenipa muda hadi adhana ya isha, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja.

Wengi mwanijua, wengine hamnijui. Nimezaliwa Langoni, nikatoka hapa kijana, nikawa fundi silaha. Nimefanya kazi bara, nikafanya Malindi, sasa nimerudi nyumbani na miwani yangu. Kazi yangu ilikuwa kufungua bunduki na bastola, kusafisha, kutengeneza, na kukadiria bei. Mwenye leseni akitaka kuiuza silaha yake, au mtu amefariki na duka lenye kibali limeombwa kununua alichokiacha, mimi ndiye niliyeitwa nikaitazame. Na zilizopita mikononi mwangu kwa wingi zaidi ni revolva, yaani bastola za silinda, zile za risasi sita zinazozunguka.

Miezi miwili iliyopita kijana wa mtaa wa Mkomani alinipigia simu asubuhi. Akaniambia, "Ami, tumefungua kasha la babu, tumekuta bastola ya silinda. Imepata kutu. Nishanunua msasa na chupa ya siki, nataka niing'arishe kwanza, kisha uje uniambie itauzwa kiasi gani."

Nikamwambia, "Mwanangu, weka msasa chini. Na hiyo bastola usiiguse tena. Toka chumbani, funga mlango kwa ufunguo, watoto wasiingie. Nakuja."

Niliyoyakuta huko ndiyo yaliyonileta mbele yenu usiku huu.

Kabla ya bei, sheria. Sitaikalia sana lakini siwezi kuiruka. Kenya tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Haijalishi silaha ni ya babu, haijalishi imeliwa na kutu, ukiwa nayo bila cheti uko hatarini. Na cheti ni cha mtu, hakirithiwi kama shamba. Mwenye cheti akifariki, silaha haihamii kwa mwanawe kwa sababu tu ni mwanawe. Mwisho wa mwaka 2018 serikali iliamuru hata waliokuwa na leseni siku zote wahakikiwe upya. Basi msidhani mambo ya babu yatapita kimyakimya. Ukikuta silaha, usiitie mkobani ukapanda nayo mashua kwenda Mokowe. Piga simu kituoni, waje wao, awepo mzee wa mtaa, na iandikwe. Revolva isiyo na karatasi, bei yake halali ni sufuri. Mfanyabiashara mwenye kibali hataigusa, na yule atakayeigusa bila kuuliza karatasi si mtu wa kumkaribisha nyumbani kwako.

Tulifanya hivyo. Maafisa wawili walikuja, mmoja akaifungua pale pale chumbani. Revolva ile hufunguka kwa bawaba. Unabonyeza komeo kando ya nyundo, kile kipigio cha nyuma kinachogonga risasi, mtutu unainama mbele, na matako ya risasi yote yanaonekana. Katika matundu sita, mawili yalikuwa na risasi. Kasha lile ndilo watoto wa nyumba walikuwa wakilikalia wakitazama televisheni. Mama yao alishika ukuta. Sina haja ya kuongeza neno.

Siku ya pili niliruhusiwa kuitazama juu ya meza ya kituo, ikiwa tupu, afisa amesimama kando. Nikavaa miwani.

Jambo la kwanza mthamini anatafuta ni jina na umri wa kile kitu. Kabla ya kusema ni nzuri au mbaya, useme ni nani. Upande wa kushoto wa fremu, chini ya silinda, palikuwa na grisi iliyokauka ikawa kama lami. Nikaomba pamba na mafuta mepesi ya mashine, nikaloweka, nikangoja. Nikafuta kidogo, nikangoja tena. Hiyo ilichukua karibu saa nzima, na yule afisa alikuwa mvumilivu sana, Mungu amlipe. Herufi zikaanza kutoka moja moja: WEBLEY. Chini yake MARK VI. Chini yake PATENTS. Na chini kabisa, ndogo, 1917.

Herufi zile zina kina chembamba kama ukucha wa mtoto. Msasa wa yule kijana ungezifuta kwa dakika mbili.

Webley ni kiwanda cha Birmingham, Uingereza. Mark VI ilianza kutumika jeshini 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni chuma kizito, kilo moja na zaidi, mtutu wake kama sentimita 15, risasi yake nene karibu milimita 11 na nusu. Kando ya jina kuna alama ndogo ya mshale, kama unyayo wa ndege kwenye mchanga. Mshale ule ni chapa ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiona mishale miwili imeelekezana ncha kwa ncha, jua serikali yenyewe iliitoa jeshini na kuiuza. Ile ya Mkomani ilikuwa na mshale mmoja peke yake.

Sasa, katika nyumba ile palikuwa na hadithi. Walihadithiwa na wakubwa zao kwamba bastola ile aliachiwa mzee wao wa zamani na Mjerumani wa Witu, hapo bara karibu nasi. Na ni hadithi yenye mahali pa kusimama, kwa sababu Wajerumani walikuwa Witu kweli, kuanzia 1885, na hapa mjini petu walikuwa na posta yao. Lakini mwaka 1890 waliiacha Witu kwa Waingereza, kwa ule mkataba wa Zanzibar na Heligoland. Chuma kilichopigwa chapa Birmingham mwaka 1917 hakiwezi kuwa kiliachwa na mtu aliyeondoka miaka 27 kabla yake.

Bibi wa nyumba ile hakufurahi nilipomwambia. Nami sikufurahi kumwambia. Lakini hadithi ndiyo kitu cha kwanza ambacho muuzaji hukuuzia na cha mwisho ambacho mnunuzi makini hulipia. Nimeonyeshwa bastola za magavana, za maharamia, za wawindaji wa ndovu waliovuma, na karibu zote zilikuwa za watu wa kawaida tu. Hadithi bila karatasi haina bei. Na hapa kuna jambo la kisheria linalotuhusu sisi wa Lamu: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa nchini au kuletwa nchini kabla ya 1895, na huwezi kukitoa nje bila kibali. Kwa hivyo tofauti ya 1890 na 1917 si ya porojo za barazani. Inabadilisha ni ofisi gani utakayokwenda kubisha hodi.

Kijana mmoja kanitumia swali kwa kikaratasi hapa, anauliza mbona kwenye nyumba za zamani hukutwa magobori zaidi ya bunduki za kisasa za wakati ule. Swali zuri. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba Brussels uliozuia silaha bora kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, na pwani yetu ikiwemo. Yaliyoachwa yapite ni yale magobori ya jiwe la kiberiti na baruti ya kawaida. Wao wakabaki na nzuri. Ndiyo maana revolva halisi ya karne ile ndani ya nyumba ya Mswahili ni nadra, na mtu akikuambia anayo, omba kwanza kuona chapa.

Sasa nije kwenye rangi ya chuma, maana hapa ndipo watu hupoteza mali yao, na ndipo nilipompotezea mtu mali yake mimi mwenyewe.

Ile rangi nyeusi yenye ubuluu mnayoiona juu ya bastola si rangi ya kupaka. Ni ngozi ya chuma chenyewe. Kiwandani chuma husuguliwa hadi king'ae, kisha hupikwa kwa moto au kwa chumvi maalumu mpaka uso wake ubadilike, na kwa kweli ni ndugu wa kutu, ila ni kutu iliyoongozwa. Ni nyembamba mno. Ukiikwangua imekwenda, na huwezi kuirudisha ikawa ile ile.

Ngozi hiyo huliwa kwa utaratibu. Bastola iliyovaliwa kiunoni hupauka mdomoni mwa mtutu kwanza, kwa kuingia na kutoka kwenye ala. Kisha kingo za silinda. Kisha mgongo wa mpini, pale kiganja kinapokaa. Mthamini anapoona kulika kwa namna hiyo hutulia moyo, kwa sababu kila sehemu imepauka pale inapostahili. Akiona bastola ya miaka 80 nyeusi ti kila mahali, anaanza kutafuta. Anatazama kingo: zimekaa kali au zimekuwa duara kama sabuni iliyotumika? Anatazama herufi: zimesimama au zimezama kama zimeandikwa kwenye nta? Anatazama tundu la parafujo, maana gurudumu la kusugulia hula ukingo wa tundu likawa na umbo la kisahani. Na kwa Smith & Wesson za zamani (kiwanda cha Marekani) anatazama nyundo na kifyatulio. Kiwandani vilitoka na rangi za mawingumawingu, kahawia na buluu na kijivu, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji bandarini. Ukikuta nyundo ni nyeusi sawasawa na mwili, mtu ameitumbukiza yote.

Mtu huyo, mara moja, nilikuwa mimi.

Nilikuwa Malindi, kijana, na mikono yangu nikiiamini kupita kiasi. Alikuja mama mmoja mjane, mtu mzima, mumewe alikuwa na leseni na ameiacha Smith & Wesson ya .38, ndiyo saizi ya risasi yake. Karatasi zote zilikuwa sawa, alitaka kuiuza kupitia duka lenye kibali, na pesa zile alikuwa na kazi nazo, sitaisema hapa. Ilikuwa na parafujo tano: nne ubavuni na moja mbele ya kikingio cha kifyatulio. Wakati ule sikujua maana yake. Sasa najua kwamba hesabu ya parafujo tano ni ya kabla ya kiwanda kuanza kuzipunguza katikati ya miaka ya 1950, na kwamba namba za modeli walianza kuzipiga 1957, kwa hivyo ile isiyo na namba ya modeli na yenye parafujo tano ni ya kizazi ambacho wakusanyaji hukitafuta. Ilikuwa na madoa madogo ya kutu, mdomo umepauka, mpini una alama za jasho la mwenyewe. Mimi nikamwonea huruma yule mama. Nikasema niipendezeshe ipate bei.

Nilikesha nayo siku tatu. Nikaifungua kwa bisibisi isiyoingia sawasawa, nikaitia kwenye gurudumu, nikaipika upya, nyundo na kifyatulio ndani ya dawa ile ile. Ilipotoka, wallahi, ilikuwa kama imetoka dukani. Nikajipongeza.

Mnunuzi alikuja, mzee mtaratibu. Hakuifyatua hata mara moja. Aliishika karibu na dirisha, akaielekeza ubavu kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya chapa ya kiwanda, akageuza akatazama nyundo. Haikumchukua dakika. Akaniuliza, "Nani kaiosha?" Nikamjibu. Akasema, "Ingekuja vile ilivyokuwa, ningetoa mara mbili ya hizi." Akatoa alizotoa. Yule mama alizipokea akanishukuru kwa kazi yangu. Alinishukuru. Nimekaa na shukrani ile miaka yote hii, na mama mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki.

Kitu kimoja kilibaki mkononi mwangu. Hiki. Wale wa nyuma hamtakiona, ni parafujo ndogo kuliko punje ya mchele wa pishori. Bisibisi yangu iliutafuna mfuo wake, nikaona haya kuirudisha, nikatia nyingine. Nitaipitisha baadaye muishike. Parafujo iliyotafunwa ni ushahidi kwamba mtu asiyejua amekwishaingia ndani, na mthamini akiiona huanza kuogopa asichokiona.

Kuhusu ndani yenyewe nitakwenda haraka kidogo, maana vipimo vyake vinataka mkono wenye leseni na chumba salama, na sitaki mtu aende kujaribu. Ila mjue fundi anatafuta nini ili mtu asiwalaghai. Revolva ikiwa tupu, imehakikishwa mara mbili na watu wawili, fundi huivuta nyundo nyuma na kutazama kama silinda inafika mahali pake na kukaa, kila tundu kati ya yale sita. Tundu moja likichelewa, mashine imechoka. Kisha huishusha nyundo polepole huku kifyatulio kimebanwa, na huijaribu silinda kwa vidole. Isiwe kama jino linalotaka kung'oka. Kisha hutazama nafasi kati ya silinda na mtutu. Karatasi ya daftari ina unene wa karibu milimita 0.1. Ikipita moja, au mbili kwa kubanwabanwa, vizuri. Zikipita tatu bila kuguswa, bei ishuke. Mwisho huiwekea mtutu mwanga na kuchungulia ile mifereji iliyosokotwa ndani, kama ingali mikali au imekuwa na ndui, yaani vishimo vya kutu.

Na ndui hizo tuzizungumze, kwa sababu zinahusu hali yetu ya hewa. Risasi za zamani, za wakati wa Webley ile na hata baadaye, fataki iliyo kwenye tako lake ilikuwa na dawa ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Ni chumvi kweli, inavuta unyevu kama ile ya jikoni. Mafuta peke yake hayaiondoi, inataka maji moto kwanza ndipo mafuta. Sasa fikirini bastola iliyopigwa, haikuoshwa kwa maji, ikaletwa Lamu. Chumvi ndani, na upepo wa kusi unaleta chumvi nje. Nimeona revolva yenye uso mzuri wa kuvutia, na mtutu wake ndani kama bomba la choo cha zamani. Usiinunue uso.

Na ala ya ngozi, jamani. Watu huiona ala ndiyo kitanda cha bastola. Ngozi imetiwa dawa ilipotengenezwa, na inafyonza unyevu kama sifongo, halafu inaukumbatisha kwenye chuma usiku na mchana. Kutu mbaya kuliko zote nilizowahi kuona zilikuwa na umbo la ala, mshono wa ngozi umechorwa juu ya chuma. Aliyeiweka ile ya Mkomani alikuwa na akili nzuri. Aliipaka grisi akaizungushia kipande cha kaniki, ala akaiweka mbali, pembe nyingine ya kasha. Ndiyo maana chini ya ile lami tuliikuta ngozi ya chuma karibu yote iko hai. Kutu aliyoiona kijana ilikuwa mdomoni na kwenye komeo tu.

Zile zilizopakwa nikeli, nyeupe za kung'aa, zina ugonjwa wake. Chumvi huingia chini ya nikeli kupitia mkwaruzo, ikabandua kama gamba la samaki. Na msizipake zile dawa za kung'arishia shaba zenye amonia, mnazotumia kwenye sinia na vinara. Baadhi zina shaba chini ya nikeli, na amonia huitafuta shaba.

Turudi kwenye meza ya kituo. Namba ya fremu na namba ya silinda zilikuwa moja. Hilo ni kubwa. Nyuma ya silinda haikuwa imekatwa. Nasema hivyo kwa sababu Mark VI nyingi zilizofika Marekani zilikwanguliwa nyuma ya silinda ili zikubali risasi yao ya .45, na mkusanyaji akiona mkato huo hushusha bei mara moja. Hii ilikuwa kamili. Ila mpini. Kiwandani mpini wa Mark VI ulivikwa vipande viwili vya mpira mgumu mweusi wenye mistari ya kukatana. Upande wa kulia kilikuwepo, kimepasuka kidogo. Upande wa kushoto kilikuwa cha mti. Mtu wa hapa, fundi wa hapa, alikikata kwa mkono, akakipiga msumeno ile mistari moja moja kuiga ya kiwanda, na hakukosea hata mmoja. Ukipitisha kidole unahisi pale alipopumzika.

Mkusanyaji wa Ulaya atakitoa kile akatafute cha kiwanda, na kwa hesabu yake yuko sahihi. Mimi nimewaambia wale wa Mkomani wasikiondoe. Sisi ndio watu wa nakshi. Milango yetu tumeiuza, tukaiona ikitoka na majahazi, na iliyobaki tunaipaka vanishi ya rangi ya chai na kung'oa misumari yake ya zamani tukatia mipya inayong'aa. Siwa ya Pate, lile baragumu kubwa la pembe ya ndovu, iko pale makumbusho ufukoni, ina karne kadhaa, na hakuna aliyeisugua ikawa nyeupe. Tunaisimamia na kuistahi kwa sababu ina rangi ya mikono iliyoibeba. Basi kwa nini kitu kilicho kashani mwetu tukione kichafu?

Na kulikuwa na karatasi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Nilipokuwa nimeshamaliza kuandika, bibi wa nyumba alinituma mjukuu kuniita. Siku kasha lilipofunguliwa kijana alifagia takataka zilizokuwa chini, na bibi, kwa tabia ya wakubwa ya kutotupa chochote chenye maandishi, aliokota karatasi moja akaitia kwenye mfuko anaowekea msahafu. Imeliwa na mende pembeni, imekunjwa nne, mkunjo mmoja umekatika. Ni cheti cha silaha cha wakati wa mkoloni, kimeandikwa kwa kalamu ya wino. Kina jina la babu yao. Na kina namba. Nilitoa daftari langu mfukoni nikamsomea bibi niliyoiandika kituoni, yeye akifuatisha kwa kidole juu ya karatasi, tarakimu kwa tarakimu, ingawa hakusoma Kizungu. Zilikuwa zile zile.

Hakuna Mjerumani. Kuna babu yao mwenyewe, aliyeimiliki kwa halali, kwa jina lake kamili. Bibi alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa yake." Karatasi ile, kwa mkusanyaji, inaweza kuongeza bei kuliko usafishaji wowote wa duniani. Kwa nyumba ile sidhani bei ndiyo iliyokuwa mawazoni tena.

Ninyi wenye makasha, basi, mkikuta kitu kama hicho mfanye nini baada ya polisi kuarifiwa? Msifagie. Kila karatasi, kila kitambaa, kisanduku, risiti, hata ala mbovu, kiwekeni pamoja. Pigeni picha ya vilivyokaa kabla ya kuviondoa, simu mnazo. Andikeni waliyowahadithia wakubwa, na andikeni ni nani aliyehadithia, hata kama hadithi itakuja kukosolewa na tarehe. Afisa akiipokea silaha, ombeni iandikwe kwenye kitabu na namba yake, na mpewe namba ya kumbukumbu. Halafu mtafute mtu wa kuitazama ambaye hana nia ya kuinunua. Yule anayetaka kununua hawezi kuwa mthamini wako, hata awe mcha Mungu namna gani.

Ile ya Mkomani hadi leo iko kituoni. Kuna ndugu yao mmoja Mombasa mwenye leseni ambaye anaweza kuomba iingizwe kwenye cheti chake, na kuna wazo jingine, la bibi, kwamba iombewe kwenda makumbusho ikiwa imefungwa isiweze kupiga, pamoja na kaniki yake na karatasi yake. Nimewaomba jambo moja tu, kwamba vyovyote watakavyoamua, atakayeifunga asiiguse kwa tupa upande wa kushoto, pale penye 1917.

Kijana wa msasa yuko hapa, kakaa pale kwenye nguzo. Ndiye aliyenibebea kiti. Mwanangu, njoo uichukue hii parafujo uipitishe, anza na wazee. Ishikeni kwa ncha za vidole, mgeuze kichwa chake kwenye taa, mtaona mfuo ulivyotafunwa upande mmoja. Ikifika mwisho nirudishieni.